Waliniambia Niseme ni Malaria

Mjini kwetu Kolwezi ugonjwa wenye heshima ni mmoja tu, nao ni malaria. Ukiwa na malaria watu wanakuja. Wanakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, wanakutazama kwa huruma, wanakuletea chupa za sukre, yale maji matamu ya rangi ambayo huku kwetu mgonjwa hahesabiwi kuwa mgonjwa mpaka ayanywe. Wanasali kidogo, wanalalamika juu ya bei ya unga, wanaondoka. Mkubwa wako kazini anakupa pole. Hakuna anayekuuliza malaria hiyo umeitafutia wapi, wala kama unaficha kitu. Mbu amekuuma, basi. Mimi nimeugua malaria mara nyingi, na sina neno baya la kusema juu ya heshima niliyopewa. Hasira yangu ni juu ya ugonjwa mwingine, ule ambao watu wa hapa wako tayari kuuita jina lolote isipokuwa jina lake.

Mimi naendesha benne. Nilikuwa naendesha, nijisahihishe. Benne ni yale malori makubwa ya mgodini ambayo gurudumu lake linampita mtu mrefu, yanayopanda kutoka chini ya shimo yakiwa yamejaa mawe ya shaba na kobalti. Nilipoanza, wanawake tulikuwa wachache, na wanaume walikuwa wakisimama kututazama tukirudi kinyumenyume kwenye mashine ya kupakia, wakingoja tugonge. Hatukugonga. Kiti kile nilikipata kwa jasho langu, na nilikipenda kuliko kitu chochote nilicho nacho, mume wangu anisamehe. Ukiwa pale juu unaona shimo zima, kuta zake nyekundu na za kijani, gari la maji likimwagilia barabara kupunguza vumbi, na hakuna mtu anayekuita umpelekee chumvi mezani.

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa napanda na mzigo, nikiwa katikati ya mteremko, nikakufa. Yaani niliamini kwamba ninakufa. Sikuwa na homa, sikuwa na huzuni, sikuwa nimegombana na mtu, jambo ambalo kwangu ni nadra. Nilikuwa nafikiria sombe, mboga ya majani ya muhogo, niliyoiacha jikoni bila kuifunika. Ghafla kifua kikabana, moyo ukaanza kukimbia, vidole vikafa ganzi, na hewa ikaisha ndani ya kabini ingawa dirisha lilikuwa wazi. Nilikanyaga breki, nikalisimamisha lori, nikashika mlango niruke. Sijui nilitaka kurukia wapi. Nyuma yangu malori yalijipanga, na kwenye redio nikamsikia mkuu wa zamu yetu akipiga kelele.

"Benne ya mu katikati, uko na nini? Unatufungia njia!"

Nilikuwa nashughulika na kufa.

Walinipeleka dispansere ya kampuni. Muuguzi alinitazama kutoka mlangoni, akatangaza kwamba ni malaria. Akanitoboa kidole, akapima, kipimo kikasema hakuna malaria. Alikiangalia kile kipimo vibaya, kama mtu aliyetukanwa.

"Hizi matesti zinadanganyaka, mama," akasema. "Tunatia kinini."

Akanitundikia chupa ya kinini. Aliyewahi kuwekewa kinini anajua inavyofanya: masikio yanalia, kichwa kinazunguka, moyo unarukaruka. Basi mtu ambaye moyo wake ulikuwa umemtisha mpaka amesimamisha mgodi, wanampa dawa ya kumrusha moyo. Nikashikwa mara ya pili palepale kitandani, vibaya kuliko mara ya kwanza. Muuguzi akapiga makofi kwa mshangao.

"Unaona? Malaria inapanda mu kichwa!"

Akaongeza kinini. Hata leo nikikumbuka chupa ile nasikia hamu ya kuirusha ukutani. Sikuirusha, kwa sababu nilimwamini. Nilirudi nyumbani, majirani wakaja, sukre zikajaa kando ya kitanda, mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na mtu mpole kupita kiasi, akanifulia nguo mwenyewe. Nilijisikia napendwa. Kisha nikarudi kazini na ikanishika tena, na tena wakasema malaria. Ikanishika sokoni Manika nikiwa na kipimo cha unga mkononi, ikanishika kanisani wakati wa sadaka. Mwaka ule nilimeza dawa za malaria za kutosha kumaliza mbu wote wa Lualaba.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba ukishaondoka unaacha mlinzi. Unaanza kuogopa siku utakayoogopa. Sokoni nikaacha kwenda, nikamtuma mume wangu, ambaye hajui kuchagua samaki. Kanisani nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Kazini peke yake sikuacha kwenda, lakini kila nilipokaribia ule mteremko mikono ilianza kutoka jasho kabla hata ya kubadilisha gia. Na hakuna mtu aliyejua, kwa sababu mimi nilikuwa mgonjwa wa malaria, kila kitu kilikuwa kimeshaelezwa.

Mume wangu ndiye aliyenipeleka kwenye kituo cha afya cha mtaa, kwa sababu tu kilikuwa karibu. Kulikuwa na daktari mwanamke, bado kijana, ametoka Lubumbashi. Hakutafuta kidole changu. Alivuta kiti, akaniambia nimweleze kila kitu tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilipomaliza akanisikiliza moyo kwa mashine yake.

"Mama, moyo yako iko muzuri," akasema. "Tumeisikiliza, iko muzuri kabisa. Hii njo crise d'angoisse. Ni woga, lakini woga yenye kupanda mu mwili muzima bila kukuomba ruhusa."

Nilisimama. Nilikasirika mpaka mume wangu akashika mkoba wangu, akijua tunaondoka.

"Dokta, mi siko na wazimu! Mi naendesha benne!"

"Njo vile, mama. Na mutu wa benne iko na mwili sawa batu bengine. Kaa."

Nikakaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia "kaa" kwa upole namna ile tangu mambo haya yaanze. Aliniuliza kama kuna jambo lililonitokea, nikasema hakuna, naye akakubali jibu hilo. Wengine wote hawajalikubali mpaka leo. Wanataka lazima kuwe na kitu: mume anapiga, mtoto amekufa, shangazi ana kinyongo. Nimechoka kuulizwa. Labda ni miaka ya kupanda na kushuka shimoni na masikio wazi, labda nilizaliwa hivyo, sijui.

Alinifundisha mambo ya kawaida kabisa, na hilo pia liliniudhi, kwamba kitu cha kawaida namna ile nilikuwa nimenyimwa mwaka mzima. Nitoe pumzi polepole, ndefu kuliko ninayoingiza, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Nikanyage sakafu kwa nguvu. Nitaje kwa sauti vitu ninavyoviona. Nisikimbie wala nisipigane nayo, maana ukikimbia unaifundisha ile hofu kwamba kweli palikuwa na hatari. Inapanda, inakaa, inashuka, na inashuka yenyewe. Nirudi sokoni kidogokidogo, leo mpaka kwa wauza mchicha, siku nyingine mpaka ndani kwenye samaki. Akasema dawa zipo pia, na haya yasiponitosha atanituma Lubumbashi kwa wenye kazi hiyo, na nisione haya.

Nilijaribu. Sehemu ya kutopigana nayo ilinishinda, kwa sababu mimi nikiguswa nagombana. Kwanza niliitukana. Nikiwa kwenye kabini, nikihisi inakuja, nilisogea sehemu ya kusimama, nikafunga breki, nikaipa yale maneno ninayompa dereva wa pikipiki aliyenirushia matope siku ya Jumapili. Haikusaidia sana. Baadaye nikagundua namna yangu: niliikaribisha kwa dharau. Karibu, nikaiambia, kaa, umenikuta na kazi, sukre sina, ukimaliza ujitoe mwenyewe. Kisha nikatoa pumzi, nikataja vitu: kioo, usukani, ukuta wa shimo, gari la maji, kofia ya yule mvivu aliyelala kivulini. Ikapanda, ikakaa, ikashuka. Siku iliposhuka yenyewe kwa mara ya kwanza nililia kwa furaha na hasira pamoja, nikafuta uso, nikaendelea kupanda. Sokoni nikarudi. Samaki nikawachagua mwenyewe.

Basi ukafika wakati wa kupimwa afya ya kazi. Kwenye ukuta wa dispansere ya kampuni kuna picha ya mfanyakazi anayecheka, na chini yake wameandika kwamba usalama wako ni wa kwanza, sema, usinyamaze. Mimi, mjinga, nikasoma na nikaamini. Daktari wa kampuni aliponiuliza kama kuna jambo, nikamweleza yote: jina la ugonjwa, jinsi unavyokuja, jinsi ninavyosimama na kufunga breki, jinsi unavyopita. Nilieleza kwa fahari, nadhani. Yeye akaweka kalamu chini, akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

Kesho yake asubuhi tulisimama kwenye duara kama kawaida. Kabla ya kila zamu tunasimama hivyo, mkuu anatukumbusha mambo ya usalama, mwisho anauliza, "Kuna mugonjwa?" na sisi sote tunaitikia kwa sauti, "Hakuna!" Yule anayeumwa jino, yule mwenye homa, yule ambaye hakulala, sote tunaitikia, kwa sababu anayesema yupo anarudishwa nyumbani, na watu wana watoto. Siku hiyo tuliitikia, kisha mkuu akatangaza mbele ya wote kwamba mama huyu anapumzika na benne, atakuwa kwenye chumba cha kufulia, mpaka hapo itakapoonekana.

Nisieleweke vibaya. Lori lile si la mchezo, na mtu asiyeweza kujizuia hafai kulipanda. Kama wangenipima, wakaniwekea mtu kando yangu kwenye kabini kwa majuma kadhaa, wakaniangalia, ningekubali bila neno. Lakini mwaka mzima nilipanda mteremko ule na masikio yanayolia kwa kinini chao, sijui kinachonipata, na walinipigia makofi kwa ushujaa. Nilipojua kinachonipata na namna ya kukipitisha, wakanishusha. Wiki ileile mwenzetu mmoja alipanda benne akitetemeka kwa homa, akaugonga ukingo wa barabara, na kama si ukingo ule angekuwa chini ya shimo. Huyo wakampelekea sukre. Mimi pia nilimpelekea, maana ni mtu mwema, lakini nilimpa huku nimekunja uso.

Kwangu hakuna aliyekuja na chupa. Habari ilienea mtaani kabla sijafika nyumbani. Wengine walisema uchawi, na hayo sitayarudia, yamesemwa vya kutosha. Wifi yangu alisema ndiyo matokeo ya mwanamke kukaa juu sana. Waliokuwa wakijaza viti vyangu vya plastiki wakawa wananisalimia kwa mbali, kwa sauti ya chini, kama wanavyosalimia nyumba yenye msiba ambao hawataki kuuchangia.

Nikafua. Salopeti, yale maovaroli ya wachimbaji, ni nzito, na vumbi la huku halitoki kwa kusuguliwa mara moja. Mkuu akaja siku moja, mpole ajabu.

"Mama, tunakosa bashofere. Urudie kwa dokta wa kampuni, useme ulikosea, ile yote ilikuwa malaria tu. Yeye iko tayari. Kesho kutwa unapanda."

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa ameshasikia, na alikuwa amepika bukari, ugali wetu, mwenyewe, ishara kwamba anaomba kitu.

"Sema tu, mama ya batoto. Neno moja."

"Neno moja hiyo njo ilinijaza kinini!"

Tuligombana, yaani mimi niligombana na yeye akatazama sahani. Alikuwa na haki. Kiti kile kilikuwa kinanirudia kwa neno moja. Lakini nikisema malaria, siku itakaponishika tena nitalazimika kutabasamu na kunyoosha mkono kwa sindano. Na yule atakayeshikwa baada yangu, kwenye mteremko uleule, atatundikiwa chupa ileile, masikio yatalia, ataamini anakufa, na wote tutasimama kando yake tukisema ni malaria. Nilisema nitaona.

Kesho kutwa ile ilipofika, bila kupita kwa daktari, nilisimama kwenye duara nimevaa kofia yangu. Mkuu alitabasamu, akawaambia wote, "Mama yetu amepona malaria, anarudia!" Wakapiga makofi. Nilingoja makofi yaishe.

"Chef, haikuwa malaria," nikamwambia mkuu. "Ni woga. Inanishikaka, inapita, na minajua namna ya kuipitisha. Kama munanitaka vile, niko hapa."

Mtu mmoja alicheka. Wengine walitazama viatu. Mkuu akanionyesha kwa kidevu njia ya chumba cha kufulia, nikaishika.

Majuma machache baadaye wakaanza kuja. Dereva analeta salopeti yake, anaiweka mezani, haondoki. Anageuka nyuma, anasema, "Mama, minaomba ufunge mulango kidogo." Nafunga. Kisha anasema ana rafiki. Rafiki huyo, akifika kwenye mteremko, moyo unapiga mbio, mikono inakufa, anafikiri anakufa. Mama, ule woga yako ilikuwaka namna gani? Kila mmoja alikuwa na rafiki. Sikujua kwamba mgodi ule una marafiki wengi kiasi hicho. Niliwafundisha wote, pumzi, miguu, kutaja vitu, na niliwaambia juu ya yule daktari wa kituo cha afya. Walinishukuru, wakafungua mlango, wakatazama kushoto na kulia, wakatoka. Na kila asubuhi, kutoka kwenye beseni langu, niliwasikia kwenye duara wakiitikia kwa nguvu, haohao, "Hakuna!"

Nilianza kuchukia mlango ule kuliko nilivyowahi kuchukia chupa ya kinini.

Mkuu alikuja mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Salopeti aliyoniwekea mezani ilikuwa safi, imepigwa pasi, mkunjo bado upo. Niliitazama, nikamtazama yeye. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo, na alikuwa anafungua na kufunga vidole vyake kama mtu anayetafuta kama bado vipo. Uso ule naujua, nimeuona kwenye kioo cha kabini.

"Mama, niko na rafiki moya…" akaanza, na pumzi ikamkatikia.

"Chef, kaa."

Hakukaa. Alitazama nje. Watu walikuwa wameanza kutoka kwenye chakula, wakija upande wetu.

"Funga mulango," akasema.

Sikusogea.

"Funga, mama, minakuomba. Funga, na kesho unapanda benne. Minakuapia kwa Mungu."

Nitakuwa mwongo nikisema sikufikiria. Nilikiona kiti kile, nikahisi usukani mikononi. Kisha niliinuka, nikausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, nikaburuta beseni la nguo zilizolowa na kuliweka mbele yake, upepo usije ukaufunga. Nikarudi, nikamkalisha kwenye benchi, nikakaa kando yake, nikamshika mkono.

"Toa pumzi, chef," nikamwambia, kwa sauti ambayo waliokuwa nje waliisikia vizuri. "Polepole. Hautakufa. Hii haiko malaria."